Kwa Nini Nafasi Haikurudi

Hotuba iliyosomwa bwaloni siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nimepewa dakika ishirini, na Katibu amenionya kwamba pilau iko tayari na haingoji msemaji. (Kicheko.) Kwa hiyo naingia moja kwa moja katika jambo nililoitiwa.

Katika ajenda ya leo, kifungu cha sita, mnaombwa mchango wa kununua diski kubwa zaidi kwa ajili ya kompyuta ya kumbukumbu ya shule, ile ambayo chama chetu kiliitoa zawadi. Sababu iliyoandikwa ni kwamba diski zilizopo zimejaa. Kamati iliniomba nije siku tatu kabla ya mkutano, niitazame mashine pamoja na mwalimu wa kompyuta na vijana wa Kidato cha Tano, kisha niwaelezeni nilichokiona kabla hamjafungua pochi. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa hiyo hiyo, kutunza mashine zinazotunza kumbukumbu za watu, na maradhi haya nimekwisha kuyaona mahali pengi.

Jibu nalitoa mapema. Diski zimejaa kweli, lakini hazikujazwa na picha zetu wala na rejista. Zimejazwa na vitu ambavyo mtu akifungua folda zote moja baada ya moja hatavikuta. Vitu hivyo mafundi huviita snapshoti, yaani picha ya diski nzima jinsi ilivyokuwa katika dakika fulani.

Nianze na hesabu, maana shule hii ilitufundisha kuanza na hesabu. Mashine ina diski mbili za terabaiti 4 kila moja, nazo zimefungwa pacha: kinachoandikwa katika moja huandikwa na katika ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Kwa hiyo nafasi ya kweli ni ya diski moja. Kompyuta nayo ina namna yake ya kuhesabu, na hujiwekea akiba kidogo, basi inatuambia tuna gigabaiti 3,600 hivi. Vitu vilivyo hai, vile mnavyoviona mkifungua folda, ni gigabaiti 700 tu: picha za mahafali, rejista zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, mitihani ya zamani, majarida ya chama, na nakala ya mfumo wa maktaba na ada. Mia saba katika elfu tatu na mia sita haifiki hata robo. Hata hivyo siku niliyofika zilikuwa zimebaki gigabaiti 85, na kila usiku zilikuwa zikipungua 40. Gawanyeni wenyewe. Tulikuwa na siku mbili.

Vijana walikuwa wamekwisha kujaribu kujisaidia. Mwezi uliopita walifutwa filamu za mahafali zenye gigabaiti 280, ambazo nakala zake zipo katika diski nyingine kabatini, pamoja na folda moja ya gigabaiti 35 iliyodhaniwa kuwa imewekwa mara mbili. Wakatazama nafasi, haikuongezeka hata kidogo. Wakasema mashine imeharibika. Haikuharibika. Ilikuwa ikitimiza ahadi iliyoamriwa kuitimiza.

Yafaa niieleze ahadi hiyo taratibu, kwa sababu bila kuielewa mtu atanunua diski mpya kila mwaka.

Mfumo wa faili ni ule utaratibu ambao kompyuta hutumia kukumbuka kipande gani cha faili gani kimekaa wapi katika diski. Mifumo mingi ya kale ilifanya kazi kama mwanafunzi mwenye kifutio: ukibadili barua yako, mashine hufuta maneno ya zamani na kuandika mapya palepale. Mfumo wa mashine yetu, unaoitwa ZFS, hauna kifutio. Fikirini leja ya stoo ya majembe enzi zetu. Mtunza stoo wa namna hii hafuti kitu. Majembe yakibadilika idadi, huchukua ukurasa mtupu, huandika hesabu mpya humo, kisha hubadili yaliyomo yaliyoandikwa mwanzoni mwa leja ili yaonyeshe ukurasa mpya. Ukurasa wa zamani sasa hauna anayeuonyesha, basi unarudishwa katika lundo la karatasi za kutumiwa tena.

Sasa Mkuu wa Shule anaingia stoo na kusema: nataka kuweza kuiona leja hii kama ilivyo leo saa nne, hata baada ya mwezi. Mtunza stoo hana haja ya kunakili leja nzima. Ananakili ule ukurasa wa yaliyomo peke yake, na anaapa kwamba ukurasa wowote unaoonyeshwa na yaliyomo hayo hautarudishwa katika lundo. Basi. Kazi imekwisha kabla Mkuu hajatoka mlangoni. Hiyo ndiyo snapshoti. Huchukua muda mfupi mno kupigwa, na siku ya kuzaliwa kwake haili nafasi ya kutajika. Ulaji huanza baadaye, kila unapofutwa au kubadilishwa ukurasa ambao kiapo kinaulinda, maana ukurasa ule wa kale hubaki na mpya huongezwa juu yake.

Jambo hili si geni kabisa. Wazee wachache hapa waliowahi kukalia mashine za Digital zenye mfumo wa VMS watakumbuka kwamba kila ulipohifadhi faili mashine iliandika toleo jipya lenye namba yake, la kwanza, la pili, la tatu, na ilibidi mara kwa mara kutoa amri ya PURGE kufagia ya zamani. Lakini lile lilikuwa toleo zima zima la faili moja moja. Snapshoti ya diski nzima, kwa njia ya kiapo niliyoieleza, ilijulikana sana kutokana na mfumo wa WAFL wa kampuni iliyoitwa wakati ule Network Appliance, ambao Dave Hitz, James Lau na Michael Malcolm waliueleza katika makala yao ya mwaka 1994. Mashine zao za mwanzo ziliweza kushika snapshoti 20 tu. ZFS ilitungwa katika kampuni ya Sun Microsystems na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens, na programu yake ikatolewa wazi kwa watu wote mwaka 2005. Kwa idadi ya snapshoti ZFS haina kikomo ambacho shule yoyote itakifikia. Naona hapo ndipo tatizo letu lilipozaliwa: kitu kisicho na kikomo na kinachopigwa bure, watu hukipiga bila kufikiri.

Mashine yetu ilikuwa imeagizwa kupiga snapshoti moja kila saa na kuitunza kila moja kwa siku 90. Vijana, mara haraka? Ishirini na nne mara tisini. (Sauti: 2,160.) Vema. Snapshoti 2,160, kila moja na kiapo chake.

Pengine hata hivyo mambo yangekwenda salama, maana rejista na picha hazibadiliki, na kisichobadilika hakigharimu kitu hata kikipigwa snapshoti elfu kumi. Lakini miezi miwili iliyopita uliongezwa utaratibu mwingine, mzuri kwa nia yake. Kila saa nane usiku mashine ya maktaba na ada inatengenezewa nakala nzima, faili moja kubwa lililokwisha kushindiliwa, gigabaiti 40, na nakala ya jana inafutwa. Mtu akifungua folda anaona faili moja tu la gigabaiti 40, na anaona sawasawa. Lakini la jana limelindwa na snapshoti ishirini na nne zilizopigwa tangu lizaliwe hadi lifutwe, na la juzi na ishirini na nne nyingine. Masiku sitini, kila moja 40, ni gigabaiti 2,400. Ongezeni filamu 280, ile folda ya 35, na mabadiliko madogo madogo yapatayo 100, mtapata 2,815. Ongezeni na zile 700 zilizo hai, mtapata 3,515. Ndiyo hesabu yote, na haina uchawi.

Kilichowasumbua vijana, na huwasumbua hata mafundi wa mjini, ni orodha. Waliiomba mashine iorodheshe snapshoti zote pamoja na nafasi ambayo kila moja imetumia. Nyingi zilionyesha kiasi kidogo mno; walipojumlisha safu yote wakapata gigabaiti 9. Tisa! Nazo zimepotea zaidi ya elfu mbili. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuagiza diski.

Safu ile haisemi kile inachodhaniwa kusema. Inaonyesha nafasi ambayo ingerudi iwapo snapshoti hiyo peke yake ingefutwa, na nyingine zote zikabaki. Chukueni gunia la mahindi lililobebwa na watu ishirini na wanne. Ukimwuliza mmoja, "Wewe ukiondoka, gunia litaanguka?" atajibu, "Haliwezi, wenzangu wapo." Ukimwuliza wa pili atajibu hivyo hivyo. Wote ishirini na wanne wanasema kweli, na gunia bado liko juu. Kipande kinacholindwa na snapshoti zaidi ya moja hakihesabiwi katika safu ya yeyote kati yao. Kinachohitajika ni amri ya zfs list -o space, ambayo huligawa kila fungu la diski katika hesabu zake: kilicho hai ni kiasi gani, na snapshoti kwa ujumla wao zimeshika kiasi gani. Tulipoitoa, ile 2,815 ilijitokeza mbele ya macho yetu.

Kwa vijana wanaopenda kujua ndani ya mtambo: kila kipande kinapoandikwa hugongwa namba ya zamu kiliyozaliwa, na kila snapshoti nayo ina namba ya zamu iliyopigwa. Ukifuta faili, mashine hutazama namba. Ikiwa kipande kilizaliwa baada ya snapshoti ya mwisho, hakuna aliyekiapia, nacho kinaachiliwa. Ikiwa kilizaliwa kabla, kinaandikwa katika orodha ya marehemu wanaongojea. Snapshoti inapofutwa, orodha ya jirani yake inapitiwa: wale ambao snapshoti ya nyuma yake haikuwahi kuwajua wanaachiliwa, wengine wanaendelea kungoja. Kwa sababu hiyo mashine haina haja ya kupekua diski nzima ili kujua nini kifutwe. Mimi huuona kuwa ni ubunifu wa kupendeza, ila najua si kila mtu hapa amekuja kupendezwa na orodha za marehemu.

Sasa nafika mahali ambapo nawaombeni mnisikilize vizuri, hasa ninyi wa miaka ya sitini na sabini.

Siku niliyofika, pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa kufuta snapshoti zote 2,160 kwa amri moja, alasiri ile ile. Lilikuwa pendekezo la kueleweka. Siku zilibaki mbili, na nafasi ingerudi yote. Niliomba usiku mmoja.

Kwanza tulisimamisha ile nakala ya saa nane usiku, ili diski isiendelee kujaa. Kisha tukaiwekea kufuli snapshoti moja ya zamani kabisa, kwa amri ya zfs hold. Iliyofungwa hivyo haifutiki hadi mtu aifungue kwa makusudi. Kisha tukatoa amri ya zfs diff, ambayo hulinganisha snapshoti na hali ya sasa na kuandika alama ya kutoa mbele ya kila kilichofutwa. Orodha ilikuwa ndefu, nyingi ikiwa takataka. Kijana mmoja alikuwa akiisoma kwa sauti, mwenzake akilinganisha na folda zilizopo. Yapata saa nne usiku walifika kwenye ile folda ya gigabaiti 35 iliyofutwa kwa kudhaniwa ni ya pili.

Haikuwa ya pili. Majina ya folda mbili yalifanana isipokuwa herufi moja, lakini moja ilikuwa kitabu cha kuandikishwa wanafunzi hadi mwaka 1965, na nyingine, hiyo iliyofutwa, ilikuwa kitabu cha mwaka 1966 hadi 1974. Na kitabu chenyewe cha karatasi, kama Mkuu wa Shule alivyonieleza, kililiwa na mchwa baada ya kupigwa picha. Yaani picha zile ndizo kitabu. Ndimo yalimo jina lako ulivyolitaja siku ya kwanza, kijiji, jina la baba au mlezi, na tarehe uliyoingia na sanduku lako la bati. Mzee anayetakiwa kuthibitisha kwamba alisoma hapa, au mjane anayefuatilia mafao ya mumewe, huja ofisini kuomba ukurasa wa kitabu hicho. Kwa mwezi mzima kitabu hicho hakikuwapo popote duniani isipokuwa ndani ya zile snapshoti tulizokuwa tumeazimia kuzifuta. (Minong'ono.)

Nimeulizwa jana ni nani aliyeifuta. Sikuja kwa ajili hiyo, na sioni faida yake. Mtu aliyekuwa akitafuta nafasi katika diski inayojaa alifuta kitu kilichofanana na kingine. Mimi ningeuliza kwa nini folda mbili za thamani hiyo zilipewa majina ya kufanana.

Kuirudisha hakukuwa kugumu. Ndani ya kila fungu la ZFS kuna folda iliyofichwa, jina lake .zfs, na ndani yake kila snapshoti hufunguka kama folda ya kawaida, ya kusoma tu. Tulinakili kitabu kutoka humo, tukafungua kurasa kumi na mbili hapa na pale kuhakikisha zinasomeka. Angalieni lakini: kurudisha huko kulikula gigabaiti 35 nyingine mpya, maana tuliinakili kwa kuiandika upya. Zikabaki 50. Lau tungechelewa siku mbili, tusingekuwa na mahali pa kukirudishia kabla ya kufuta kitu.

Kufuta kwenyewe kulikuwa na funzo lake. Desturi ya watu ni kufuta za zamani kwanza. Kwa bahati ZFS ina namna ya kuuliza kabla ya kutenda: ukiiambia zfs destroy pamoja na herufi -nv, haifuti kitu, inakuambia tu nini kingefutwa na nafasi kiasi gani ingerudi, na ukiweka alama ya asilimia kati ya jina la snapshoti ya kwanza na ya mwisho, inahesabu mfululizo wote kwa pamoja, hapo wabebaji wote wa gunia wakiulizwa kwa mara moja. Tuliuliza kuhusu snapshoti 720 za zamani kabisa, za ule mwezi wa kwanza kabla nakala za usiku hazijaanza. Jibu: gigabaiti 6. Snapshoti mia saba na ishirini, gigabaiti sita! Zilikuwa nyepesi, na filamu zilizomo zililindwa pia na zile zilizofuata. Uzito wote ulikuwa katika siku sitini za karibuni. Humo tuliacha snapshoti moja kwa kila juma, nane kwa jumla, tukafuta zilizobaki. Masiku hamsini na mawili mara arobaini ni gigabaiti 2,080, na ndizo zilizorudi. Hazikurudi papo hapo. Mashine huachilia vipande taratibu nyuma ya pazia, na tulikaa tukitazama namba zikipanda kama maji kisimani. Sasa tuna zaidi ya gigabaiti 2,100 zilizo wazi, katika diski zile zile.

Kijana mmoja wa Kidato cha Tano aliniuliza: "Shikamoo, Mzee. Kwa nini mashine isizifute yenyewe nafasi ikiisha?" Ni swali zuri, na wako wanaofanya hivyo. Kompyuta za Apple, tangu mfumo wao wa APFS ulipoingia mwaka 2017, hutunza snapshoti za ndani kwa muda wa siku moja hivi, na huziachilia zenyewe nafasi ikihitajika. Ndiyo maana mwenye kompyuta hiyo huenda akamwaga pipa la takataka na asione nafasi ikirudi hadi kesho yake. Windows huziita nakala kivuli, huziwekea kiwango cha nafasi, na kikijaa hutupa ya kale kabisa. Katika Linux kuna mfumo wa Btrfs, na programu ya snapper ambayo kwa kawaida huambiwa isile zaidi ya nusu ya diski. ZFS yenyewe haifuti kitu ambacho haikuambiwa, nami naona ni heri. Mashine inayofuta historia yake kila nafasi inapopungua, mtu mwovu akiingia na kuijaza takataka kwa usiku mmoja ataifukuza historia yote bila kugusa faili hata moja. Lakini ukichagua mfumo wenye kiapo, sharti awepo mtu wa kuhesabu viapo.

Tumepanga hivi basi, na mwalimu wa kompyuta amekubali. Vitu havitakaa tena katika fungu moja. ZFS hupiga snapshoti kwa kila fungu peke yake, kwa hiyo kinachobadilika kila siku kitengwe na kisichobadilika kabisa. Rejista na picha zina fungu lao: snapshoti za kila saa kwa siku mbili, za kila siku kwa mwezi, na za kila mwezi kwa miaka miwili. Hazitakula kitu, kwa sababu kitabu cha mwaka 1966 hakiandikwi upya. Nakala ya usiku ina fungu lake lisilopigwa snapshoti hata moja. Zinatunzwa nakala tatu za mwisho, ya nne inafutwa, na hapo kufuta ni kufuta. Filamu za vijana zinapata siku saba. Na kila fungu lina kikomo. Viko vikomo vya namna mbili: kimoja, quota, huhesabu faili pamoja na snapshoti zake, kingine, refquota, huhesabu faili zilizo hai tu. Kwa vijana tumeweka hicho cha pili, ili mtu akifuta filamu yake aone nafasi yake imerudi, na juu ya fungu zima la vijana tumeweka cha kwanza, ili wasiimeze mashine. Na diski ikifika asilimia 80, barua pepe itakwenda kwa watu watatu. Msingoje ijae kabisa: katika mfumo usio na kifutio hata kufuta kunahitaji kuandika kwanza, na ile akiba niliyoitaja, kwa kawaida sehemu moja ya thelathini na mbili, ipo kwa sababu hiyo.

Fungu la barua za ofisi nimeliweka peke yake kwa sababu nyingine. Shule inapofuta barua ya nidhamu ya mwanafunzi, mzazi huamini imefutwa. Kumbe iko ndani ya snapshoti, na huenda ikakaa miezi mitatu. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ofisi ijue muda wa snapshoti zake kabla haijamwambia mtu kwamba jambo lake limefutwa. Tumeweka siku 30.

Nimalizie na fedha, ndicho kifungu chenyewe. Naomba mchango usikatwe, ila ubadilishwe kazi. Snapshoti zote nilizozisifu na kuzilaumu zimo ndani ya diski zile zile mbili, ndani ya kasha moja, katika chumba kimoja chenye paa la bati. Radi ikipiga, au mwizi akibeba kasha, kitabu kinakwenda pamoja na viapo vyake vyote. Badala ya kununua diski kubwa za kuweka ndani ya mashine, tununue diski mbili za nje. Moja iwe shuleni na nyingine mjini, zikibadilishana kila mwezi. ZFS inajua kupeleka tofauti peke yake tangu mara ya mwisho, hivyo kazi ni ya dakika chache, mradi snapshoti waliyokutana nayo mara ya mwisho isifutwe upande mmoja. Ikifutwa, itabidi kupeleka yote upya. Anayeogopa kuishikilia anaweza kuacha alama tu, kile kinachoitwa bookmark, ambayo hukumbuka zamu bila kushika vipande. Hilo nimewaandikia vijana ubaoni, nao wamelifanya mara mbili mbele yangu.

Anahitajika mwanachama mmoja anayeishi mjini mwenye kabati la kufungwa kwa ufunguo. Ajitokeze kwa Katibu kabla ya kifungu cha sita kupigiwa kura.

Chumba cha kompyuta kitakuwa wazi kuanzia saa tisa hadi magharibi kwa wote wanaotaka kutafuta jina lao katika kitabu cha mwaka 1966 hadi 1974. Vijana watawaonyesha ukurasa. Viatu vivuliwe mlangoni, na chai ibaki nje. (Makofi.)